Mashine Haikunijua

Kwenye kibanda cha laini za simu, Newala sokoni,
kijana akaniambia, "Mama, bonyeza tena."
Nikabonyeza. Cha shahada, cha kati, gumba.
"Futa jasho kwanza."
Nikafuta kwa khanga, nikabonyeza,
mashine ikalia ule mlio wake wa kukataa.
"Haikuoni," akasema bila ubaya,
kama muuza duka anayesema sukari imeisha.

Miaka kumi na minne nabangua korosho.
Ganda lina mafuta yake, meusi, hayana haya:
yanaanza kwa kuwasha, kama utani wa watani,
kisha malengelenge, kisha ngozi inabambuka
na chini yake yupo mtu mwingine,
mwekundu, asiyetaka kuguswa hata na chumvi ya mboga.
Msimamizi hukagua punje: nyeupe, nzima, isiyo na doa.
Punje ni nyeupe.
Doa nimebaki nalo mimi.

Jumanne ya pili ya mwezi daktari wa ngozi hupanda huku
kutoka Mtwara, na sanduku la bati.
Benchi lilijaa. Mlango haufungi, kwa hiyo tunasikia yote.
Mtoto wa mapunye, kichwa kimenuka mafuta ya taa:
"Nani alikwambia? Fangasi huyu kajichimbia kwenye shina la unywele,
ya kupaka inapita juu kama mvua kwenye bati.
Vidonge, wiki sita. Ameze na karanga."
Mzee Mchopa na upele wake katikati ya vidole:
"Mnajipaka nyumba nzima, usiku mmoja, shingo hadi unyayo,
hata asiyejikuna."
"Hata mama mkwe?"
"Hata mama mkwe."
Benchi zima likacheka, kila mtu huku anajikuna.

Akaingia binti aliyejifunika ushungi hadi puani.
Hapo sauti ya daktari ilishuka, hatukusikia
ila neno moja, "krimu,"
na baadaye, "usiache ghafla, tutashuka ngazi mojamoja."

Zamu yangu.
Daktari Ndomba akashika mikono yangu yote miwili,
akaegemeza kijidude chenye taa kwenye gumba,
akakaa kimya hivi kwamba nikadhani ameona kifo.
"Unatafuta nini?"
"Mistari," akasema. "Nimeuona mmoja. Umelala."

Marhamu, siku kumi, nyembamba, isizidi.
Mafuta ya mbarika kabla ya kazi, hadi kwenye viwiko.
Glavu.
"Na ukirudi, nawa kwa sabuni na maji mengi."

Maji mengi!
Daktari, huku juu ndoo inanunuliwa,
na siku nyingine hela ipo, ndoo haipo.
Akatazama karatasi yake. Akafuta. Akaandika upya:
mafuta yatoe mafuta, futa kwa kitambaa,
ndipo maji, kikombe kimoja.
"Ukipumzika wiki nne ngozi itajishona."
Msimu una wiki ngapi, sikumwambia.
Naye hakuuliza. Tulijua wote.

Glavu zilichanika siku ya pili.
Nimekata vidole vyake, navaa vidole tu,
wenzangu wananiita Bibi Harusi.
Gumba la kushoto ndilo lililotangulia:
mstari umepinda, ukapinda tena,
kama njia ya kuteremka Kitangari kuchota maji.

Kibandani sijarudi. Laini bado ina jina la mwanangu Hemedi,
anayenipigia akaniita kwa jina lake mwenyewe, kwa mzaha.
Lakini juzi umeme ulikatika, nikashika chemni ya taa,
na kwenye masizi nikaacha alama.
Chemni huwa naisafisha kila asubuhi.
Hiyo sijaisafisha.