Hesabu ya Ndimu

Sokoni Padang nilinunua ndimu sitini.
Muuzaji akaniuliza, Uni Yus, una harusi?
Nikamjibu nina wageni saba, siku nane baharini,
na huko tuendako mwamba hauna adabu:
humkaribisha mtu kwa kicheko, humuaga kwa wembe.

Arobaini za samaki, nikasema moyoni.
Ishirini za majeraha.

Siku ya kwanza Lachlan, daktari wa meno kutoka Perth,
alirudi botini mgongo umechanjwa
kama kibao changu cha kukatia vitunguu.
Nikakata ndimu, nikamwambia auме taulo.
Mtu ang'oaye magego ya wenzake kwa mkono mmoja
alitoa sauti nyembamba, ya birika linalokaribia kuchemka.
Tano, yeye peke yake. Nikaandika kwa penseli mlangoni pa kabati.

Natsuki hakulia. Alitoa goti, akatazama pembeni,
akarudi majini kabla damu haijaamua kuganda.

Mimi sijui kuogelea.
Miaka tisa ndani ya boti hii, na bahari naijua kwa masufuria tu:
yakigongana taratibu, ni wimbi la wanaojifunza;
yakinyamaza, kisha yakaruka yote pamoja,
Nakhodha Bustami huja kunywa chai amesimama.

Siku ya sita maji yakalala. Kioo.
Watu waliouza gari, mmoja aliyeahirisha harusi,
wakakaa sitahani wakiikodolea bahari
kama wapangaji na mwenye nyumba aliyefunga mfereji.
Wakagombania feni. Wakaulizana nani kamaliza siagi ya karanga.
Unai akanifundisha karata, akanila rupia elfu themanini,
akataka kuzirudisha. Nikakataa. Mchezo ni mchezo.

Ndiyo siku aliyokuja Jiskoni,
mtumbwi umejaa ndizi mbele, yeye nyuma,
na katikati nusu ya ubao:
ulivunjikia hapa mwaka juzi, mwenyewe akautupa,
yeye akauziba kwa gundi na kipande cha fulana.
Miaka kumi na miwili, labda na mitatu.
Akauliza, mnasubiri nini?
Wimbi, wakasema.
Akacheka. Akanyoosha kidole nyuma ya rasi,
pale tusipotia nanga kamwe.
Kesho, akasema, kabla jogoo hajashuka mtini.

Na kesho yake, gizagiza,
masufuria yangu yakanyamaza.
Nikashika kabati.

Huwa sipandi juu kutazama; wali hauna subira.
Siku hiyo nikazima jiko.
Nikaona ukuta wa maji, kijani cha chupa, ukiinuka polepole
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni,
na juu yake si daktari,
si Unai na ubao wake wa bei ya pikipiki:
mtoto wa watu, juu ya nusu,
magoti kayakunja, kiganja kimegusa ukuta
jinsi nigusavyo mkate kujua kama umeiva.
Maji yakamfunika.
Nikahesabu, sijui kwa nini, ndimu:
moja, mbili, tatu, nne,
akatoka.

Hakuna aliyepiga kelele. Lachlan alisahau hata kamera.

Jioni mtoto alikuja, unyayo umepasuka.
Zilibaki ndimu tatu, na jodari wa karamu ya kuagana
yupo mezani, tumbo wazi, anangoja.
Nikamkamulia mtoto zote.
Hakuuma taulo. Aliuliza
kama botini kuna ubao mwingine unaokaribia kuvunjika.

Wageni walikula samaki wakinyamaza.
Natsuki ndiye aliyesema, kwa Kiindonesia chake cha kuokoteza,
kuna kitu kimepungua.
Kimepungua, nikamwambia. Ongeza pilipili.

Padang, muuzaji akaniuliza harusi ilikuwaje.
Nikaweka kapu chini.
Leo nihesabie themanini.