Sehemu ya Mjenzi

Nilifika Bomani kabla ya wafagizi,
sweta mbili mwilini, kamera ya kuazima shingoni,
Julai ya Iringa inang'ata vidole
kama mbwa asiyebweka.
Betri nimeificha mfukoni, karibu na paja,
maana baridi hula chaji kabla ya mwenyewe.

Masharti ya shindano nimeyakunja kwenye pochi:
jengo lionekane lote. Pasiwe na mtu.
Pasiwe na gari, kamba ya nguo, bango la simu.
Yaani mji uhame kidogo
ukuta upate kuwa wa kale.

Akapita Sekindole na beseni la nyanya.
"Kamwene. Unapima kiwanja?"
Nikamwambia naupiga picha ukuta.
Akautazama ukuta. Akanitazama mimi.
"Na huko kwenu hakuna ukuta?"
Akaenda zake sokoni, na kivuli chake kirefu
kikachelewa kutoka kwenye fremu.

Jua likachungulia upande wa Gangilonga,
likagusa jiwe moja, likaacha mawili,
nikapiga. Ikatoka safi, mbingu bila doa,
picha ya kushinda, nasema kweli.

Basi nikasogea, kwa ajili ya kusogea tu.
Kati ya jiwe na jiwe, kwenye chokaa,
palikuwa na tundu la kidole gumba,
limekauka na mistari yake.
Babu yetu Kihwele alikuwa akisema
baba yake alibebeshwa mawe na Wajerumani.
Ukuta upi? "Si huko huko mjini,"
akakohoa, akaomba ugoro, yakaisha.

Nikaingiza gumba langu.
Likagoma kwenye kifundo.
Nikajaribu kidole cha mwisho, kile kidogo,
ndicho kikaingia, kikatulia
kama kimeitwa.

Nilikaa hapo mpaka wafagizi wakaja.

Ijumaa usiku, mwisho saa sita kamili,
mtandao unazunguka, mke wangu amelala.
Picha moja tu kwa kila mshiriki.
Ile ya tundu ilitoka na ukungu, mkono ulitetemeka,
na zawadi ni laki tano, na ada ya shule ni Jumatatu.
Nikatuma jengo zima, mbingu bila doa.
Ukiivuta mpaka ipasuke
hutaliona tundu.

Jina la mahali: nikajaza.
Mwaka: nikakisia.
Mjenzi: nikaacha wazi,
fomu ikawaka nyekundu, sehemu hii ni lazima.
Nikaandika, Mkono.
Ikawaka tena: weka na jina la pili.

Mdogo.

Ikapokea, saa sita kasoro dakika nne.
Mkono Mdogo. Huenda majaji watasema
fundi huyo bila shaka ni wa kule Njombe,
wana majina ya namna hiyo.