Chale Kumi na Saba

Mwimo uliletwa na punda, Alhamisi,
umefungwa kamba ya katani, ukimwaga unga wa mchwa
tangu Mkomani hadi kwangu Langoni.
Somoe binti Athman alitangulia, viatu mkononi,
maana mvua ilikuwa imenyesha na mitaro imefurika.
Nyumba yao imeuzwa. Mwenyewe mpya anataka mlango wa chuma.
"Nitolee gitaa humu," akasema. "La umeme, lenye kelele.
Nimenyamazishwa nyuma ya mti huu miaka ishirini na sita."

Mbambakofi. Niliugonga kwa kifundo cha kidole
ukaitika kama mtu aliyekatizwa usingizi,
kwa hasira, lakini wazi.
Mvule hufikiri kwanza. Mfenesi hukuitikia vizuri
ukishaupenda. Mbambakofi hauna adabu hizo.

Siku ya kwanza msumari uliojificha ukala meno matatu ya msumeno.
Siku ya pili, mwingine. Nikatukana,
kisha nikamtaka radhi fundi aliyeupigilia,
marehemu, sijui hata jina lake.
Saba kwa jumla, ya kufuliwa kwa mkono.
Iko kwenye kopo la maziwa, siiuzi.

Shingo nimeitoa kwenye dawati la skuli.
Sumaku ni za spika iliyokufa jukwaani,
ile iliyotuahidi maji ya mfereji kampeni tatu mfululizo.
Waya ni wa pangaboi lililoungua, mwembamba kama unywele wa mtoto;
nikauzungusha mara elfu saba na mia mbili
nikihesabu kwa tasbihi ya mke wangu,
kila mia, punje moja.
"Usimwambie mtu," akasema mke wangu,
akanishikia taa.

Mwili nikaupasua kati, nikauunga kwa gundi,
nikaubana kwa jiriwa siku tatu.
Ndipo nilipogeuza upande wa ndani niupige randa,
nikaziona.

Chale. Fupi, za kisu, zimebanana kama meno ya kitana,
zote zimelalia kushoto.

Babu yangu Bunu aliuza maji kwa mzega.
"Mai! Mai!" alfajiri, vichochoroni, madebe mawili begani.
Kuandika hakujua. Kila mzega, chale moja mlangoni,
upande wa ndani, wageni wasikoona,
na siku ya kulipwa huzipitishia mkato mmoja, deni limekwisha.
Alikuwa wa shoto.
Nyumbani tuna kinu chenye chale za mkono uleule:
siku za Ramadhani alizokula kwa homa,
akazilipa zote, akazikata zote.

Hizi hazina mkato.
Nikahesabu kwa ukucha. Kumi na saba.
Nikahesabu tena, toka mwisho.

Nilisimama na randa mkononi hata stima ikapotea,
na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja.
Gizani nikazipapasa.
Deni si langu kudai.
Lakini nani kanipa mimi ruhusa ya kulifuta?
Randa nikairudisha msumarini.
Nikazipaka mafuta ya nazi tu, kwa kitambaa, polepole,
kama anayemkanda mgonjwa.

Somoe alikuja Jumapili. Tukachomeka.
Gitaa likanguruma kabla halijaguswa, waya wa ardhi umelegea;
nikaukaza, likatulia.
Akapiga. Vibaya, vidole vigeni, lakini akapiga,
na vikombe vikatetemeka kabatini,
na jirani akaita kuuliza kama kuna jenereta.

"Na mikwaruzo hii ya nyuma?"
"Mti wa zamani," nikasema.

Akanilipa taslimu, elfu arobaini na mbili,
akihesabu noti moja moja mezani, asibakishe hata mia.
Akalivaa; chale zikakaa mbavuni mwake
kama zimepimwa.
Mlangoni akageuka. Jua kali, koo limemkauka.
"Fundi, huna maji ya kunywa?"

Nikamtilia glasi, ikajaa hadi ukingoni.
Kumi na nane, nikasema moyoni.