Safu Mbili

Fomu ya ruzuku ina safu mbili:
WENYEJI, mstari. WAGENI, mstari.
Chini yake JUMLA, na nafasi ya mhuri.
Katibu ni mimi. Nina kalamu moja ya bluu
na tochi ya sola inayozimika saa tatu.

Nianze na nani? Na mama yangu, Barankariza.
Aliingia Ulyankulu mwaka sabini na mbili,
sufuria kichwani, kaka yangu tumboni.
Pori hili walilifyeka yeye na wenzake
wakazipa njia namba,
kwa kuwa majina walikuwa wameyaacha nyuma.
Cheti chake cha uraia kimo ndani ya kopo la Kimbo,
juu yake karanga za mbegu, mwizi asijue.
Mgeni?

Kalunde, basi. Mnyamwezi wa Sikonge,
kahamia Barabara ya Tisa masika yaliyopita
akiifuata tumbaku.
Bado anauliza njia ya kwenda zahanati.
Mwenyeji?

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe tulipewa siku ile ile ya kwanza.
Mama analiita isuka, Kalunde igembe,
udongo unaitikia yote mawili.
Miaka hamsini na ushei tunalima,
mipini imekwisha, na mikono iliyoishika,
na fomu bado inatuhesabia siku ya pili.

Dada Edita wa mradi alikuja na pikipiki
akasema, "Msipojaza, pesa haitoki."
Nikajaza. Kumi na tano huku, kumi na nne kule,
kama anayegawa ubwabwa msibani,
jicho likiyakwepa macho.
Mwenyewe nikajiandika kwa wenyeji,
nikafuta, nikajihamishia upande wa pili,
nikafuta tena, karatasi ikatoboka.
Ndiyo maana jumla yetu ni ishirini na tisa
na tundu.

Pesa ikaja, milioni nne kasoro.
Tulikuwa tumeomba sita.
Ikanunua pampu ya kisima na mabomba,
ikamlipa fundi, ikanywewa soda siku ya uzinduzi.
Bango likasimikwa: UTANGAMANO.
Mbuzi wa Ntahomvukiye akajikuna kwenye nguzo
kila jioni, hadi likainama.

Mwezi wa tisa, vumbi limefika kooni,
mpira wa pampu ukachanika.
Maji yakawa ya kudondoka.
Foleni ya ndoo ikafika mashine ya mpunga,
na hapo ndipo Kalunde aliposogeza nyuma
ndoo ya Mama, akaweka yake.

Mama akamtolea tusi.
Si la Kirundi. La Kinyamwezi safi,
lenye ng'ombe, na shangazi, na mkia ndani yake.
Kalunde akameza mate.
Akajishika kiuno, akajibu kwa Kirundi,
akikosea silabi moja tu,
na Mama, hasira bado zinamchemka,
akamsahihisha.
Kalunde akalirudia tusi, sasa limenyooka.
Foleni nzima ikakalia ndoo zake kwa kicheko,
na zamu ya nani ilikuwa, mpaka leo hatujui.

Sasa taarifa ya robo mwaka iko mbele yangu.
"Eleza, kwa takwimu, kiwango cha utangamano."
Tochi imeanza kufifia.
Nimeandika: mpira wa pampu, mmoja,
shilingi elfu thelathini na tano, kwa mchango wa wanakikundi.
Kalunde, elfu mbili. Mama, mayai sita,
yaliyouzwa kwa Kalunde.
Risiti imeambatishwa.

Tusi nimeliacha.
Halina risiti,
wala sijui lingekaa safu ipi.