Mdomo wa Kofia

Luton, ghorofa ya pili, Jumatatu.
Bwana Pettifer ananipa ngozi nyeusi inayong'aa:
"Mdomo huu usiuinue, Mwanatumu.
Ulaze. Ulale hadi karibu na pua."

Nimeshona kofia za walinzi wa treni,
za madereva, za bendi ya wazimamoto wa Dunstable;
hizo midomo yake hutoka mbele kama kibaraza,
mvua ikapita, jicho likabaki kavu.
Lakini hii ya kijana wa gwaride
haizuii mvua wala jua
(jua lipi, hapa?)
Inaziba njia.

Nikaijaribu mbele ya kioo cha chooni.
Nikaona kola, sindano tatu, basi.
Ili niuone uso wangu
ilibidi niinue kidevu,
shingo ikanyooka, mabega yakarudi nyuma yenyewe,
mimi niliyekunja mgongo
miaka kumi na tisa juu ya cherehani.

Akipita mtu kituoni, pua juu, kofia kichwani,
tulikuwa tukinong'ona: yule anaringa.
Leo sina hakika.
Labda anatafuta tu
pa kuweka mguu.