Tundu la Sindano

Oulu, Desemba. Jua limefika saa nne u nusu,
limeaga saa nane mchana,
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.
Sisi tuna letu, ndani ya sanduku la bati:
taa ya zebaki. Vuokko ameandika mlangoni
kwa kalamu nene: USITAZAME.

Vipande viwili vya kioo, mapacha.
Vimepakwa oksidi ya titani, nyeupe pe,
na juu yake karatasi za kaboni
ambazo elfu moja zikipandana
hazifikii unene wa unywele wangu.
Zina rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.

Kimoja kimelala wazi chini ya taa.
Cha pili nimekiviringishia foili,
nikakiweka ubavuni pa mwenziwe
kipate joto lile lile, saa zile zile,
kasoro mwanga.

Huko ndani, nasadiki bila kuona:
mwanga unabisha, elektroni inashtuka,
inaacha nafasi yake tupu.
Tundu, ndivyo tuliitavyo pengo hilo.
Tundu linajilipa kwa spiriti tuliyoitia,
elektroni inahamia kwenye kaboni,
inaifukuza oksijeni chumba kwa chumba.
Mpangaji wa muda. Na aondoke.

Saa sita usiku tunafungua.
Pacha wa taa ni mweusi ti.
Sijazoea bado: nuru hii,
ambayo bibi aliianikia mashuka yatakate,
hapa imezaa weusi,
na weusi huo unapitisha umeme.
Mshale wa mita unaruka.

Cha pili nakifungua nikiwa na hakika.
Kahawia, kahawia, kahawia,
halafu nukta.
Nyeusi. Punje ya haradali.
Nainua foili mbele ya balbu:
tundu la sindano. Ukucha wangu, labda.

"Nimeharibu," nasema. "Wiki nzima."
Vuokko anavua miwani, anacheka kwa pua.
"Umeharibu nini? Joto lilikuwa sawa,
saa zilikuwa sawa.
Jiulize, kwa nini hapo tu?"

Anaipima nukta kwa rula ya chuma,
anaandika daftarini: *nusu milimita*.
Hasemi zaidi. Anatafuta soksi zake za sufu.

Nje, theluji inalia chini ya viatu.
Kufuli ya baiskeli yangu imeganda.
Nachuchumaa, naziba upepo kwa viganja,
napuliza pumzi ya moto, taratibu,
kwenye tundu la ufunguo.