Lita ya Kerubo

Sikwenda kumshtaki.
Nilikwenda na mtungi wa maabara wenye mistari myekundu,
niliouazima kwa Bwana Lihanda wa stoo,
nikasimama nyuma ya watoto wa shule
mbele ya mashine ya maziwa, Umoja, alfajiri.

"Lita moja."
Kerubo akabonyeza, akashikilia, akaachia.
Mia tisa sabini na nane.

Moyo, ambao haujasoma hesabu hata siku moja,
ukaruka: Mwizi!
Kesho yake, elfu moja na kumi na mbili.
Moyo ukajifanya hausikii.

Bi. Muthoki, mwalimu wetu wa jioni,
orofa ya nne juu ya duka la vyerehani, River Road,
alikuwa ametuonya:
Mdhaniwa ndiye, kumbe siye.
Anza kwa kusema mashine haipunji.
Hiyo ndiyo dhana tupu. Ipandishe kizimbani, lakini ipe kiti.
Kisha usiulize kama ni kweli,
takwimu hazina jibu hilo.
Uliza: ingekuwa kweli,
ningeshangaa kiasi gani kuyaona haya niliyoyaona?

Asubuhi thelathini na sita.
Chai ya maziwa, uji wa maziwa, maziwa lala,
hata shemeji akauliza kama nimefungua mkahawa.

Wastani: mia tisa tisini na tano.
Pungufu tano.
Kijiko kimoja cha chai,
ndiyo kesi yangu yote.

Nilikokotoa umeme umekatika, tochi ya simu kwapani.
Mashine ikiwa safi,
tofauti kama hii, au kubwa kuliko hii,
ingezuka yenyewe kama mara kumi katika mia.
Na mpaka tulikuwa tumeuweka tano kwa mia
kabla ya tone la kwanza;
anayehamisha goli mpira ukiwa hewani
huyo hachezi.

Basi dhana sikuikataa.
Nikaandika kwa furaha: *Kerubo hana hatia.*
Kalamu nyekundu ikapita hapo kama kisu kwenye nyanya.
"Nani kakwambia? Umeshindwa kumtia hatiani.
Kati ya hayo mawili inapita Thika Road nzima.
Huenda kijiko anakiiba kweli,
na vipimo thelathini na sita ni macho hafifu."

Nikabaki na masafa yangu:
kutoka mia tisa themanini na tisa
hadi elfu moja na moja.
Imani, tisini na tano kwa mia.
Nilidhani nimeufungia ukweli ndani ya kopo.

"Wastani wa kweli hautembei," akasema.
"Umo au haumo.
Kinachoyumba ni kopo lako."

Tulikuwa ishirini darasani,
kila mtu na mashine yake: Kayole, Kangemi, Dagoretti, Pipeline.
Ubao ulijaa masafa.
"Njia hii ni nzuri," akasema, akipangusa chaki,
"lakini itawakosesha kama mara moja katika ishirini."
Tukatazamana.
Huenda mmoja wetu amekosa. Huenda wawili, huenda hakuna.
Mwandiko wetu wote ulikuwa na uhakika uleule.

Asubuhi ya thelathini na saba nilikwenda na sufuria tu.
Kerubo akaangalia mikono yangu.
"Leo umeacha ile chupa yako ya hospitali?"
"Leo nanunua tu."
"Na uligundua nini?"

Nikafungua mdomo kusema hunipunji, nikaufunga.
Nikaufungua kusema wanipunja, nikaufunga.
"Sijapata sababu ya kutosha kukushuku."
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa anapendwa kiasi.

Akabonyeza. Akaachia.
Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi, sufuria ikinichoma baridi vidoleni,
nilipokumbuka kidole chake:
zile asubuhi zote thelathini na sita kilivyokuwa kikishikilia,
macho yake yakiwa kwenye mistari myekundu.